Gitaa limezeeka, au nyuzi ndizo zilizokufa?

*"Fundi, shikamoo. Nina gitaa la akustiki la nyuzi za chuma nililonunua mwaka 2013 kwa Mtaliano aliyekuwa akifunga nyumba yake ya Casuarina, hapa Malindi, arudi kwao. Wakati ule ukigusa uzi mmoja tu, sauti inajaa chumba. Napiga hotelini jioni mara tatu kwa wiki, na Jumapili kanisani. Tangu mwaka jana sauti imefifia. Besi zinatoa mdundo mfupi halafu kimya, na nyuzi nyembamba zimepoteza ule mng'aro. Mwenzangu wa bendi anasema mbao zimechoka kwa kupigwa sana, gitaa lina umri wake na hili limekwisha. Mwingine anasema gitaa zuri huzidi utamu likizeeka, kwa hivyo kama langu limepungua basi lilikuwa bovu tangu mwanzo. Seremala wa mtaani yuko tayari kulikwangua vanishi apake upya, mbao zipate kupumua. Na jirani kaniambia nitie mchele ndani unyonye unyevu. Niliuze, nilitengeneze, au nizoee tu?"*

Marahaba. Naona lililokukaa moyoni ni hofu kwamba miaka yote hii ya kupiga ndiyo iliyolimaliza gitaa, kwamba kila jioni hotelini umekuwa ukilila kidogo kidogo. Toa wasiwasi. Ubao wa gitaa hauchoki kwa kupigwa namna hiyo. Kwa dalili ulizoeleza, mimi ningeshuku nyuzi kwanza, halafu unyevu, halafu freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyolala kukata shingo, na mifupa inayoshikilia nyuzi, halafu gundi. Ubao wenyewe ningeutuhumu baada ya hayo yote kukaguliwa na kuonekana mazima.

Lakini kabla hatujalifungua gitaa, niambie jambo moja: huo ufifi unausikia hata ukipiga bila kuchomeka waya wa spika? Wapigaji wa hotelini wengi hulisikia gitaa lao kupitia spika kuliko kwa sauti yake yenyewe. Kama lina pikapu, yaani kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi, yenye betri ya volti 9, betri ikianza kuisha sauti huwa nyembamba, hukwaruza, hukosa nguvu, na mtu huanza kulilaumu gitaa. Kaa nalo nyumbani bila waya, usikilize. Mpe na mwenzako alipige, wewe keti mbele yake hatua tatu hivi, kwa sababu tundu la gitaa linaelekea kwa msikilizaji na wewe mpigaji huwa upo nyuma ya sauti. Halafu kuna masikio yako wewe mwenyewe. Miaka ya kukaa kando ya spika kubwa hupunguza usikivu wa sauti za juu kabla ya nyingine zote, na hizo za juu ndizo unazosema zimepotea. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema mwenzako akilipiga na watu wengine wakalisikia likiwa zuri, usinunue hata skrubu kabla hujapima masikio.

Tuseme basi limefifia kweli, hata bila waya. Hapo inafaa ujue sauti ya gitaa inavyotoka.

Uzi peke yake hausikiki. Ni mwembamba mno kusukuma hewa. Kazi yake ni kulitikisa daraja, kile kibao nyuzi zinapofungwa juu ya kisanduku; daraja linautikisa ubao wa juu, na ubao ndio unaoisukuma hewa iliyo ndani ya kisanduku na iliyo nje. Ubao huo, ambao kwa kawaida ni wa sprusi au seda, una unene wa milimita 2.5 hadi 3 tu, na chini yake umegandishwa vijiti vya kuutia nguvu, tunaviita mbavu. Mtengenezaji wa Uhispania Antonio de Torres aliwahi kutaka kuonyesha jinsi ubao wa juu ulivyo muhimu katika jambo hili. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo ubavuni na mgongoni lilikuwa la karatasi iliyogandishwa kwa gundi, ubao wa juu tu ndio uliokuwa mbao halisi. Likalia, na bado lipo katika jumba la makumbusho mjini Barcelona.

Anayekuambia gitaa huzidi utamu likizeeka ana hoja. Mbao ina selulosi, lignini na hemiselulosi. Hiyo ya tatu ndiyo inayopenda maji sana, na ndiyo inayovunjika kwanza mbao ikizeeka. Miongo ikipita ubao unakuwa mwepesi kidogo, unanyonya unyevu pungufu kuliko ulivyokuwa ukinyonya, na ukakamavu wake unabaki. Wepesi na ukakamavu kwa pamoja ndivyo gitaa linavyotaka. Kuna viwanda ambavyo siku hizi huzioka mbao za juu katika tanuri lisilo na oksijeni ili kuiga uzee huo kabla gitaa halijaundwa. Ila zingatia neno *miongo*. Gitaa lako si la kutarajiwa kubadilika kwa njia hiyo tangu 2013, liwe zuri au baya.

Kuhusu kulipiga sana, wapigaji wengi wanaamini kwamba mtetemo huufungua ubao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia walilijaribu hilo kwa fidla mbili zilizoundwa na fundi mmoja kwa mbao zinazofanana. Moja iliwekwa makumbusho, nyingine akapewa mpigaji wa kazi aitumie. Baada ya miaka mitatu waliwaita wapigaji na wasikilizaji wazilinganishe, na tofauti ya maana haikuonekana. Mwaka 2010 huko Marekani, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapigaji 21 wa fidla miwani meusi wasione wanachoshika, wakawajaribisha fidla mpya na za zamani, zikiwemo za Stradivari, yule fundi mashuhuri wa kale wa Italia. Wengi walichagua mpya. Fidla si gitaa, lakini ubao wa juu ni wa jamii ile ile na kazi yake ni ile ile.

Ukitaka maoni yangu, sifa ya magitaa ya kale imechangiwa sana na jambo jepesi: yale mabaya ya mwaka 1940 yaliishia jikoni kuwa kuni. Tunayoyasikia leo ni yale ambayo mtu aliona yanafaa kutunzwa.

Sasa tuje kwenye nyuzi, maana hapa ndipo Malindi inapotofautiana na nchi wanakotengenezea magitaa.

Uzi ukipigwa hautikisiki mzima tu. Hutikisika pia kwa nusu yake, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea, yote kwa wakati mmoja. Uzi mnene wa juu kabisa, ukipigwa bila kubanwa kwa kidole, hutikisika mara 82 kwa sekunde, lakini mng'aro unaousikia unatoka kwenye vile vipande vidogo vinavyotikisika mara elfu mbili, elfu tatu, elfu tano. Vipande hivyo vina nguvu kidogo sana. Kitu chochote kinachouongezea uzi msuguano hunyamazisha hivyo kwanza, na kinachobaki ni mdundo mzito unaokatika. Umeniandikia maneno hayo hayo: mdundo mfupi halafu kimya.

Nyuzi nene zina waya mwembamba wa shaba nyeusi uliozungushwa juu ya chuma. Katikati ya mizunguko hiyo huingia jasho, ngozi ya vidole, vumbi na, kwetu sisi, chumvi ya upepo wa bahari. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji hewani na kulowa yenyewe unyevu ukifika asilimia 75 hivi, ndiyo maana kichupa cha chumvi huziba wakati wa masika. Unyevu wa Malindi usiku hupita hapo mara nyingi. Kwa hivyo chumvi iliyokaa kwenye uzi haikauki. Inabaki ni utando wa maji ya chumvi uliolala juu ya chuma usiku kucha, ndani ya mkoba, huku wewe umelala. Nairobi seti ya nyuzi inaweza kukaa miezi. Hapa, kwa mtu anayepiga usiku mara tatu kwa wiki karibu na ufuo, mimi sishangai zikifa kwa wiki tatu.

Zikague hivi. Pitisha ukucha polepole chini ya uzi mnene, upande unaogusa freti, kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano. Ukihisi vibonde vidogo mahali zilipo freti, uzi umekwisha. Halafu ukunje kitambaa cheupe uusugue. Kikitoka cheusi au cha kijani, sihitaji kukueleza zaidi. Nyuzi nyembamba zisizozungushiwa waya zitakuwa na madoa ya kahawia na zitakwaruza kidole.

Kuna wanaozichemsha nyuzi nene kwa dakika kumi kwenye maji safi na kuzikausha upesi. Inasaidia, uchafu unatoka na mng'aro unarudi kwa siku chache, ila chuma kinabaki kilivyolika na uzi mara nyingi hukatika pale ulipokunjwa kwenye kigingi. Ni msaada wa wiki ambayo pesa haijaingia. Nyuzi zilizopakwa utando wa plastiki huwa ghali lakini huku pwani zinalipa gharama yake, kwa sababu utando ndio unaoizuia chumvi isiingie kati ya mizunguko. Baada ya kila onyesho zifute kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Nawa mikono kabla ya kupiga. Haya wengi huyaona madogo mno ya kufanya.

Unyevu una kazi nyingine tofauti na kutu. Mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hubeba maji yanayofikia asilimia 9 ya uzito wake. Ukipanda hadi 80, hubeba asilimia 16 hivi. Magitaa mengi huundwa kwa hewa ya asilimia 45 hadi 55, kwa hivyo la kwako hapa Malindi limebeba maji ambayo mwenye kuliunda hakuyapangia. Ubao mzito na uliolowa humeza mtetemo badala ya kuutoa. Pia huvimba, na kwa kuwa pembeni umegandishwa hauna pa kutanukia ila juu, hutuna kuelekea nyuzi. Nyuzi zinapaa, vidole vinaumia, na sauti inakuwa kama iliyofunikwa blanketi. Uvimbe huo huo ndio unaoufanya mlango wa chumbani ugome kufunga mwezi wa Mei.

Habari njema ni kwamba hali hii hujirekebisha. Kaskazi ikivuma na hewa ikakauka kidogo, ubao hushuka. Ukikumbuka kwamba ufifi wako ulizidi wakati wa masika ukapungua Januari, basi sehemu ya kesi ni hiyo. Gitaa la plaiwudi halibadiliki sana kama la ubao mmoja, kwa uzuri na kwa ubaya. Ukitaka kujua lako ni lipi, chungulia ukingo wa tundu kwa tochi ya simu: mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya unene, ni ubao mmoja, ukiona tabaka zilizolala, ni plaiwudi.

Mchele usitie. Unanyonya maji kidogo mno kwa ukubwa wa gitaa, punje zitacheza ndani kila ukipiga, na baada ya mwezi utakuwa unafuga fukusi na kuwaalika panya. Tumia mkoba mgumu unaofunga vizuri na vifuko vile vya kukausha vinavyokuja na viatu au mikoba mipya, vingi, na uvikaushe upya kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo vikishalowa. Nunua kipima unyevu kidogo cha kuweka ndani ya mkoba. Ukishuka chini ya asilimia 60 hapa kwetu umefanya vizuri, na chini ya 40 usiende, maana huko ubao hupasuka. Gitaa usiliegemeze kwenye ukuta wa nje wa nyumba za mawe ya matumbawe, kuta hizo hukaa na maji ndani yake hata siku ya jua. Na hotelini, ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda bustanini, liache ndani ya mkoba robo saa kwanza. Likitolewa baridi kwenye hewa ya usiku litatoka umande mwili mzima, nyuzi zikiwa za mbele.

Freti na mifupa nitapita haraka. Kwa miaka yote hiyo ya kupiga kila wiki, freti za karibu na kigingi lazima zimechimbika chini ya nyuzi. Uzi unaokaa ndani ya shimo hauna ncha kali ya kusimamia, unazizima. Vivyo hivyo mfupa ulio darajani: nyuzi huuchimba mifereji, na kama ni wa plastiki laini, huuchimba upesi. Kubadilisha mfupa huo kwa mfupa halisi wa ng'ombe uliochongwa vizuri ni kazi ndogo, bei yake ndogo, na mara nyingi mtu hudhani amepewa gitaa jingine.

Gundi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa haionekani. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayopita kilo 70, yaani mfuko mmoja na nusu wa saruji unaoning'inia usiku na mchana kwenye kale kabao kembamba. Gundi nyingi za mbao hulegea joto likikaribia nyuzijoto 65, na ndani ya gari lililofungwa juani, au mkoba mweusi uliowekwa nyuma ya tuktuk mchana wa Februari, halijoto hilo halipo mbali. Ubavu mmoja ukiachia, sehemu ile ya ubao haina msaada tena: sauti yake inakufa au inapata mkwaruzo wa kunguruma kwenye noti fulani tu. Shika nyuzi kwa kiganja zisilie, ugonge ubao kwa kifundo cha kidole, ukizunguka daraja na kushuka hadi chini. Mlio unapaswa kuwa mmoja, mzima. Ukisikia pahali panapojibu kwa kukereza, ingiza kioo kidogo na tochi kupitia tundu uangalie. Halafu chukua kadi nyembamba ya karatasi ujaribu kuipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, legeza nyuzi leo hii, usisubiri wikendi, na usilipige hadi ligandishwe upya.

Seremala mwambie asante, lakini asiguse. Sina ubishi na ufundi wa pwani hii, milango inayochongwa Lamu inajisemea yenyewe. Ila mlango ni mzito, na mpako mnene unaufaa. Kwenye ubao wa milimita tatu, msasa ukila nusu milimita umeshaondoa sehemu ya sita ya unene wake, na zaidi ya theluthi ya ukakamavu wake, na vanishi ya samani inayorudishwa juu yake huongeza uzito na kuuzima mtetemo. Mbao ya gitaa haihitaji kupumua. Vanishi yake nyembamba ndiyo inayoupunguzia kasi unyevu unaoingia, na ndani ya kisanduku tayari haina mpako wowote.

Kwa hivyo ufanyeje? Kwanza lirekodi kwa simu, bila waya, simu ikiwa juu ya meza pale pale, wimbo ule ule. Weka nyuzi mpya za ukubwa ule ule uliokuwa nao. Kaa nalo siku mbili ndani ya mkoba wenye vikaushio, lirekodi tena. Nina imani kubwa kwamba sehemu kubwa ya malalamiko yako itaishia hapo. Kama sauti imerudi lakini noti chache zinazizima au kukwaruza, hizo ni freti au mfupa, mpelekee fundi wa magitaa azisawazishe.

Mtafute fundi ana kwa ana, usijaribu mwenyewe, ukiona daraja limenyanyuka, ubavu umeachia, ufa umefika chini ya daraja, au ukilitazama shingo kutoka kigingini unaliona limepinda upande mmoja. Vilevile pima umbali kati ya uzi mnene na freti ya kumi na mbili. Milimita 2.5 ni sawa. Ukifika 4 na shingo likiwa limenyooka, na mfupa wa daraja ukiwa umeshachongwa hadi mwisho, basi shingo lenyewe limeinama kwenye kiungo na linahitaji kubanduliwa na kupangwa upya. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, yenye gharama, na mikono ya kuifanya huku kwetu si mingi. Kama gitaa ni la ubao mmoja na unalipenda, inafaa, hata ikibidi kulisafirisha hadi Mombasa au Nairobi. Kama ni plaiwudi, fedha hizo zitakununulia jingine, na hili ulibakize la mazoezi.

Usiliuze kabla ya kubadilisha nyuzi. Atakayelinunua atazibadilisha yeye siku hiyo hiyo, na bei utakayokuwa umempa ni ya gitaa lililokufa.